MREJESHO: Yule wa pasi ndefu, Moshi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini nalia bila sababu na masomo hayaingii kichwani. Niliwaambia napiga pasi ndefu: chai asubuhi, kisha mpaka usiku. Wengi mlinisihi nimwone mshauri wa wanafunzi. Nimeenda.

Hakuanza na masomo. Aliuliza, "Jana umekula nini?" Nikashindwa kujibu, machozi yakatoka. Akanisimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wa 1944 hadi 1945: wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita, wakawa na huzuni, hasira, wakajitenga, wakawa wanawaza chakula tu. Nilijiona mimi kabisa! Na muda wote ule nilidhani ni uvivu wangu.

Sasa tuko wanne, tunachangia jiko gheto. Jumamosi tunashuka Mbuyuni kununua maharage, mahindi ya makande na ndizi. Usingizi umerudi. Huzuni bado hunijia siku nyingine, hivyo naendelea kumwona mshauri.

Aliyeniandikia nisione aibu kumwambia mama: nilimpigia juzi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kwa nini ulikaa kimya?"