Kikundi cha Ukoo: Filamu ya Usiku wa Krismasi

Mama Glory, saa 2:05 asubuhi: Shikamooni wazazi, na wengine habari za asubuhi. Kama tulivyokubaliana, usiku wa tarehe 25 tutatazama filamu ya familia nyumbani kwa Babu, Marangu, na watoto wameomba iwe ya mbwa. Napendekeza "Marley & Me", ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani siku ya Krismasi ya mwaka 2008. Kila kaya itoe shilingi 10,000 za kukodi projekta kabla ya Ijumaa.

Mama Glory, saa 5:40 asubuhi: Naona wengi wamesoma na hakuna aliyejibu. Kimya siyo mchango.

Gadi, saa 6:12 mchana: Dada, nimesoma kwamba Marley aliigizwa na mbwa 22, kwa kuwa mbwa mmoja asingeweza kuwa mtoto, kijana na mzee ndani ya filamu moja. Mbwa 22 ni timu mbili kamili, sasa mwamuzi ni nani?

Upendo, saa 6:15 mchana: Mwamuzi ni wewe, kwa sababu hujatoa mchango na hivyo huna upande.

Gadi, saa 6:16 mchana: Nitatoa nikishahakikishiwa kwamba kisusio, ile supu yetu ya damu ya mbuzi, kipo.

Mama Glory, saa 6:20 mchana: Kisusio kina kamati yake. Hapa tunazungumzia filamu.

Shangazi Ndeshi, saa 8:30 mchana: Mimi naomba hiyo tusiiweke. Marley anatafuna kila kitu, anameza hata mkufu, watoto wanacheka wee, halafu mwishoni anazeeka, tumbo linajipinda, na anachomwa sindano ili afe bila mateso. Mtoto wa miaka sita akilala na msiba huo usiku wa Krismasi, nani atambembeleza?

Mama Glory, saa 8:41 mchana: Shikamoo Shangazi. Basi tuchukue "Beethoven" ya mwaka 1992. Huyo ni Saint Bernard, mbwa mkubwa kama ndama, anachafua nyumba nzima kwa udenda, baba mwenye nyumba hataki hata kumwona, na mwishoni hafi. Mabaya yote yanatoka kwa daktari wa mifugo, ambaye anajipaka damu ya bandia mkononi na kudai ameng'atwa, ili baba yule akubali mbwa akauawe.

Shangazi Ndeshi, saa 8:44 mchana: Daktari wa mifugo anayedai kung'atwa na mbwa. Kisa hicho wengine humu tunakifahamu bila projekta.

Gadi, saa 8:45 mchana: Jamani, mimi niliulizia kisusio tu.

Baba Mdogo Elinami, saa 12:15 jioni: Natoka shambani nakuta nimetajwa bila kutajwa. Nilichokifanya kuhusu Jimi nilikifanya nikiwa ofisa mifugo, wakati kichaa cha mbwa kimeingia kijijini, na jeraha langu halikuwa la kupakwa rangi. Ikiwa kila Desemba ni lazima nihukumiwe, basi sitapanda huko, mle ndafu yenu, mbuzi wenu mzima wa kuchoma, kwa amani.

Mama Glory, saa 12:22 jioni: Shikamoo Baba Mdogo. Hakuna aliyekuhukumu. Naomba turudi kwenye filamu, kwa sababu mwenye projekta anataka jibu leo na hadi sasa ni kaya tatu tu zilizotoa.

Babu, saa 2:50 usiku: Nimesomewa maneno yenu yote. Jimi alikuwa mbwa wangu, na alipochukuliwa nilikuwa nimelazwa. Tangu nirudi hakuna aliyeketi mbele yangu akanieleza, si Elinami aliyemchukua, wala Ndeshi anayesema sana. Filamu wekeni mnayoitaka. Lakini kabla haijawashwa, ninyi wawili mtakaa nami, na Elinami atakuja.

Baba Mdogo Elinami, saa 4:02 usiku: Shikamoo Baba. Nimesikia. Nitajitahidi kupanda tarehe 24.

Gadi, saa 4:10 usiku: Je, sehemu ya yule daktari haiwezi kurukwa?

Mama Glory, saa 4:12 usiku: Haiwezi, kwa kuwa bila yeye hakuna hadithi. Mwenye projekta nimemwomba asubiri hadi kesho adhuhuri. Shangazi, bado hujasema kama unaikubali "Beethoven".

Mjomba wa Dodoma, saa 1:20 asubuhi: Salaam nyote, ndiyo kwanza nafungua simu. Mchango wangu nimeutuma. Filamu ya Marley ni nzuri sana, nami naiunga mkono.