Naomba ushauri: Njia ya Msalaba ni saa 10 jioni, na hiyo ndiyo saa yetu ya kuanua dagaa

Mama wa Mwaloni:

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo katika kigango kimoja (tawi la parokia) kando ya ziwa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, upande wa Ilemela. Mwenyekiti wetu ni mzee na afya yake si nzuri, kwa hiyo mengi yananiangukia mimi. Nawaomba ushauri wanaojua maisha ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, na wanaojua taratibu za Kanisa, kwa sababu Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, inakaribia na sisi bado tunavutana.

Ratiba tuliyopewa ni ile ile ya kila mwaka. Ijumaa saa 10 jioni Njia ya Msalaba kigangoni. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi jumuiya, nyumba kwa nyumba. Jumapili ni Misa kama ni zamu yetu kupata padre, la sivyo katekista anaongoza ibada ya Neno. Katikati ya wiki kuna mazoezi ya kwaya na mafundisho ya wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka.

Asiyeishi mwaloni hataona ubaya wowote hapo. Lakini kaya karibu zote za jumuiya yetu zinaishi kwa dagaa. Baba anaingia ziwani jua likizama, anarudi kunapambazuka. Mitumbwi ikitia nanga tu, akina mama tunagombania ndoo, tunabeba, tunaanika kwenye chanja. Hiyo ndiyo saa 12 na nusu ya Jumamosi. Kutwa unageuza na kufukuza ndege. Kuanzia saa 9 unaanza kuanua, na Kwaresima yenyewe inaangukia masika: wingu likitanda juu ya ziwa, huna muda wa kuwaza mara mbili. Dagaa wakinyeshewa wanabadilika rangi na kunuka, mnunuzi wa soko la Kirumba hawachukui tena kwa chakula cha watu. Wanaishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Na wengi wetu ndoo tumeichukua kwa mkopo wa kikoba.

Matokeo yake, Ijumaa kigangoni wanakuwepo wazee, watoto wa Utoto Mtakatifu na walimu wachache. Sasa mjumbe mmoja amependekeza kwamba asiyeonekana Njia ya Msalaba na jumuiyani asisainiwe kadi ya jumuiya, na asiye na saini asihudumiwe: mtoto wake asibatizwe, akifiwa asiletewe katekista. Tuna mjane kijana ambaye ada ya watoto watatu inatoka kwenye hizo chanja. Je, huyu naye tumwandike mtoro?

Nauliza pia jambo la pili. Mume wangu ananiambia kila Ijumaa, "Tunakatazwa nyama, nyama yenyewe tunaiona Krismasi. Samaki ndiyo chakula chetu cha kila siku. Hapo nimejinyima nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Na mvuvi anayevuta wavu usiku kucha anafungaje Jumatano ya Majivu?

---

Taa ya Sola:

Milele amina, dada yangu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nilianza enzi za karabai na sasa tunatumia taa za sola. Nikwambie jambo ambalo viongozi wengi wa kigango hawalitazami: tazameni mwezi kabla ya kupanga ratiba.

Dagaa wanafuata taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika, tunashona nyavu, tunalala nyumbani kama watu wengine. Sasa angalia Kwaresima. Jumatano ya Majivu siku zote inakuta giza, au mwezi mchanga unaozama mapema, kwa hiyo wanaume tuko kazini hasa. Wiki ya pili kuelekea ya tatu ni mbalamwezi. Karibu na wiki ya nne giza linarudi. Halafu kufikia Wiki Kuu mwezi ni mkubwa tena na mitumbwi iko juu mchangani. Kila mwaka ni hivyo.

Kwa hiyo mambo mazito yanayohitaji wanaume, kama kitubio, semina na kufanya usafi wa kigango, wekeni kwenye mbalamwezi ya kwanza na Wiki Kuu. Kwenye giza msitusubiri, na msituandike watoro.

---

Katekista Mstaafu:

Ndugu yangu Taa ya Sola yuko sahihi, na sababu yake ipo. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Mwezi wa hesabu ya Kanisa unaweza kupishana kidogo na ule wa angani, lakini Alhamisi Kuu daima iko jirani na mwezi mpevu. Jumatano ya Majivu ni siku 46 kabla ya Pasaka, ndiyo maana inakutana na giza. Nimefundisha vigangoni miaka mingi na sikuwahi kusikia mtu akiitumia hesabu hii kuwapangia wavuvi ratiba. Itumieni.

Sasa mama, nikujibu la kadi, kwa sababu hilo ndilo lililoniumiza.

Njia ya Msalaba ni ibada nzuri sana, lakini si amri. Kinachompasa Mkristo ni Misa ya Jumapili na sikukuu zilizoamriwa, na hata Jumatano ya Majivu yenyewe haimo kati ya hizo. Kukosa ibada ya hiari hakuwezi kuwa sababu ya kumnyima mtoto ubatizo au marehemu maziko. Halmashauri ya kigango haina mamlaka hayo. Jambo la sakramenti liko kwa paroko, na yeye mwenyewe anafuata sheria ya Kanisa. Mpelekeeni kabla halijaandikwa kwenye muhtasari wowote. Kadi ya jumuiya ina kazi yake, inatusaidia kujua nani anaumwa na nani kahama. Isigeuzwe fimbo.

Kuhusu kufunga: sheria inamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapouanza mwaka wake wa 60, kwa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo mmoja wa kushiba, na vingine viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo mmoja. Kujizuia na nyama kunaanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kazi ngumu ya nguvu hawabanwi. Mvuvi anayevuta wavu usiku kucha ana sababu ya haki, na kanuni ya 1245 ya Sheria ya Kanisa inampa paroko uwezo wa kumruhusu au kumbadilishia kwa tendo jingine la toba. Aende amweleze, asijihukumu mwenyewe.

Kuhusu samaki, mumeo ameuliza swali la mtu anayeifikiria imani yake. Kanuni ya 1251 inasema nyama au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoamua. Kwa hiyo nyama aiache, kwa utii. Lakini kama haimgharimu kitu, aongeze kinachomgharimu: soda, sigara, pombe ya Ijumaa, maneno makali kwa vijana wa mtumbwi. Na pesa iliyookolewa iingie kwenye bahasha ya Kwaresima, isirudi mfukoni.

---

Sauti ya Tatu:

Mimi nitatofautiana na wenzangu, kwa upendo. Baba yangu alikuwa mvuvi huku Sengerema. Ijumaa ya Kwaresima alikuwa haingii ziwani, na hatukufa njaa. Kila mwaka tunawasogezea watu ibada, mwisho watataka Misa iwafuate kitandani. Mwenye duka atasema duka, mwenye bodaboda atasema abiria. Kwaresima ni siku arobaini tu. Bila kupoteza kitu, toba iko wapi?

Kadi siungi mkono kama adhabu. Ila msiwafanye watu waamini kwamba dagaa wanatangulia.

---

Mama wa Mwaloni:

Kaka Sauti ya Tatu, nimekusoma mara mbili na nakuheshimu. Ila baba yako aliacha usiku mmoja wa kazi na uamuzi ulikuwa wake. Mjane wa jumuiya yetu akiacha kuanua, anapoteza ndoo ya mkopo, na riba inaendelea. Yule anaweka nia ya Kwaresima kuliko wengi wetu. Kila Jumapili analeta sadaka na hakosi. Nisingependa aambiwe kwamba hajapoteza kitu.

Katekista, Mungu akubariki. Mume wangu nimemsomea jibu lako. Amekaa kimya, kisha akasema pombe ya Ijumaa anaiacha.

---

Zamu ya Usiku:

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, na Kwaresima nyingi nimekuwa zamu Ijumaa jioni. Nilifundishwa na sista mmoja kwamba aliyezuiwa kabisa kwenda kwenye Njia ya Msalaba anaweza kukaa walau robo saa akisoma na kutafakari Mateso ya Bwana, na Kanisa linampa rehema ile ile. Wakati wa mapumziko nasoma Marko sura ya 14 na 15, mara nyingine na wenzangu wawili. Hata mtumbwini inawezekana wakati wa kusubiri dagaa wajae kwenye taa. Taa ya Sola, au nimekosea?

---

Taa ya Sola:

Hujakosea, dada. Taa ikishaelea tunasubiri muda mrefu, tunapiga stori tu. Kuna mwenzetu mmoja huongoza rozari, na hakuna anayemzuia, hata wasio Wakatoliki wanakaa kimya wakimsikiliza.

---

Mkerewe wa Kagunguli:

Tusisahau imani hii ilitufikia kwa njia gani. Wamisionari wa Afrika walifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwaka 1878. Kutoka ufukwe wetu huu Padre Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi, wakafika Kigungu karibu na Entebbe Februari 17, 1879. Misheni ya Bukumbi ikafuata 1883. Kanisa la huku lilianzia mwaloni, na watu wa mwaloni si wageni ndani yake.

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi: pelekeni Njia ya Msalaba mwaloni. Huku visiwani nimeona ikifanyika. Misalaba 14 ya mbao, mnaanzia kwenye chanja za mwisho, mnapanda taratibu hadi mlango wa kigango. Mama anaanua kati ya kituo na kituo, anajiunga. Muwaambie uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) mapema, na paroko au padre abariki ile misalaba. Kituo cha sita, Veronika anapompangusa Yesu uso, kwetu kilikuwa pale akina mama wanapopangusa jasho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

---

Alto wa Kirumba:

Kwa kwaya: Kwaresima hatuimbi Utukufu wala Aleluya, na vinanda vinapungua, kwa hiyo mazoezi ya katikati ya wiki yanaweza kuwa mafupi. Msiwachoshe watu Machi yote halafu Wiki Kuu wakawakimbia. Mzigo mkubwa ni Alhamisi Kuu hadi Mkesha. Kama wanaume wako nyumbani kwa mbalamwezi, waimbaji wa sauti za besi na tena mtawapata hapo. Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu wa Mkesha, mpeni mmoja aanze kujifunza sasa hivi, ile haijifunzwi kwa wiki moja.

---

Mama wa Mwaloni:

Nimekaa na mwenyekiti jana jioni, tumeandika hivi ili twende nayo kwa paroko.

Ijumaa za giza, Njia ya Msalaba inaanzia mwaloni saa 9 na nusu, kati ya chanja. Mvua ikianza tunasaidiana kuanua kwanza, vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) wawe na maturubai, kisha tunaendelea tulipoishia. Ijumaa za mbalamwezi inakuwa saa 1 na nusu usiku kigangoni, baba na mama pamoja. Jumuiya ya Jumamosi tunaisogeza hadi saa 11 jioni, dagaa wakiwa wameingia ndani. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wamekubali kukaa zamu kwenye chanja za mjane wetu Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu, ili ahudhurie zote mbili bila hofu. La kadi tunamwachia paroko alitolee neno mwenyewe.

Limebaki la majivu. Zamu yetu ya padre siku hiyo hatujaipata.

---

Sauti ya Tatu:

Hilo la maturubai na zamu ya WAWATA nimelipenda. Hapo kuna watu wanaopoteza kitu kwa ajili ya mwenzao. Nitachangia turubai moja, nielekezeni pa kulileta.

---

Katekista Mstaafu:

La majivu lisikutie shaka. Padre anabariki majivu parokiani, na katekista anaweza kuyaleta na kuwapaka waamini katika ibada ya Neno. Ombeni iwe saa 8 mchana, wanaume wakiwa wameamka na hawajaingia ziwani. Kumbusheni watu warudishe matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, ndiyo yanayochomwa kupata majivu.

Jambo jingine, ombeni padre wa kitubio kwenye mbalamwezi ya kwanza, wiki ya pili au ya tatu. Wiki Kuu mapadre wanakwenda kwa Askofu Mkuu kwenye Misa ya Krisma, ya kubariki mafuta matakatifu, na foleni za parokiani zinakuwa ndefu, kigango kinaweza kukosa. Barua iandikwe na mwenyekiti, wewe katibu usaini chini yake, imfikie paroko kabla hajagawa zamu za vigango.