Gombe, Mahale, Kalambo au Matema? Siku tisa, hatuna gari, dada anaogopa boti

Mguu Niponye (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Mimi na dada yangu tumepata likizo ya siku tisa mwishoni mwa Juni. Tunataka ziwa lenye milima inayoshuka hadi majini, njia za kutembea kwa miguu na maporomoko mawili matatu. Ziwa Victoria hapana, tumekulia huko. Nimechekecha nimebakiwa na manne: Gombe, Mahale, Kalambo pamoja na Kasanga (hayo yote upande wa Ziwa Tanganyika), au Matema na Tukuyu (upande wa Ziwa Nyasa). Tunatoka Dar kwa basi au treni. Dada ana pumzi kunizidi, ila boti ndogo anaziogopa kama kifo. Waliofika naomba mlinganishe, msinisifie kwenu tu.

Dagaa Mchele:
La boti umelitaja mwisho wakati lilitakiwa liwe la kwanza. Gombe haina barabara, unafika kwa maji tu. Mahale hali ni hiyohiyo, tena mbali zaidi. Hapo nusu ya orodha yako imeshajifuta yenyewe.

Mwana wa Ujiji:
Taratibu mkuu, usimfutie mtu Gombe kirahisi hivyo.

Boti ya hifadhi ukiikodi kutoka Kigoma mjini unafika mapema. Ya wananchi inaondoka Kibirizi mchana, inasimama kila kijiji, na Jumapili usiitegemee. Mimi nilipanda hiyo ya wananchi. Magodoro, kreti za soda, kuku wamefungwa miguu, mama mmoja ana beseni la nyanya mapajani hadi mwisho wa safari. Ziwa lilitulia tulipotoka, baadaye upepo ukaanza kuvuma na maji yakawa yanaruka ubavuni. Abiria wenyeji hawakugeuza hata shingo. Mimi nilikuwa nimeshikilia ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Kwa hiyo dada simwongopei.

Lakini ukishatia mguu ufukweni, unasahau. Hifadhi ni ndogo, ukubwa wake ni kilomita za mraba 50 na kitu, mabonde membamba yenye misitu yanapanda hadi kwenye kingo za nyasi juu. Ndipo alipofikia Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, Julai 1960, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Njia ya maporomoko ya Kakombe kutoka kambi ya Kasekela si ndefu: unafuata kijito, miti inakufunika, halafu unasikia ngurumo kabla hujaona kitu. Maji yanaanguka kama mita 25 kwenye mwamba mweusi wenye majani yanayotikisika bila upepo, kwa ule msukumo wa maji. Sokwe nao huwa wanafika pale, madume yanabembea kwenye mizizi na kurusha mawe kama yamepandwa na mashetani. Sikuwaona wakifanya hivyo, niliwaona wakila matunda juu ya mti, na nilitosheka.

Tahadhari moja: nyani wa ufukweni. Usitembee na ndizi mkononi wala usiache mlango wazi. Mmoja alinifungulia zipu ya begi kwa ustadi ambao kondakta wa daladala angeuonea wivu. Alichukua biskuti, akaacha soksi.

Mguu Niponye:
Dada kasoma hapo kwenye vidole ganzi kafunga simu. Endeleeni na mengine 😅

Kobe Mtembezi:
Mahale nimekwenda, tukiwa wanane. Idadi naitaja kwa sababu: kiingilio cha mwananchi hakiumizi, kinachoumiza ni petroli ya boti. Mkiwa wawili mtaibeba wenyewe na mtajuta.

Kwa uzuri, hakuna kwenye orodha yako panapoifikia. Kilomita za mraba 1,613, milima inaanzia pale pale kwenye mchanga, na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Ndani hakuna kuzunguka na gari, ni miguu yako na askari wa wanyamapori mbele. Watafiti wa Kijapani wako pale tangu 1965, ndiyo maana sokwe wa kundi moja wamezoea watu. Unavaa barakoa, unakaa nao saa moja, unawaachia nafasi ya mita 10, na ukiwa na mafua huendi. Wanatuambukiza na tunawaambukiza, sheria hiyo haina ubishi.

Kupanda Nkungwe kunakula siku mbili hadi tatu. Ukijumlisha safari ya kwenda na kurudi Dar, siku tisa zako zimeisha hujapumzika. Mahale iwekeeni likizo nyingine, na mtafute wenzenu.

bintiRukwa:
Naona Rukwa tunarukwa kama kawaida yetu.

Kalambo unafika bila kugusa maji. Basi hadi Sumbawanga, kisha Matai kwa lami, halafu gari dogo au bodaboda mpaka kwenye maporomoko. Upande wetu pako chini ya TFS, wale wakala wa misitu, wameweka ngazi za kushukia bondeni. Maji yanaanguka mara moja, bila kugonga ngazi ya mwamba katikati, zaidi ya mita 200. Vipo vitabu vinavyosema 221, vingine 235, mimi najua tu kwamba jiwe ukiliangusha macho yanalipoteza kabla halijafika. (Msiangushe mawe jamani, kuna watu chini.)

Kitu ambacho picha hazionyeshi: pale juu unawatazama ndege kwa mgongoni. Kongoti, wale wakubwa wenye vichwa vya upara, wanajenga viota kwenye kuta za bonde wakati wa kiangazi. Wanazunguka chini yako, kivuli cha kila mmoja kinatambaa ukutani peke yake.

Mwishoni mwa Juni maji bado yapo ya kutosha. Ukichelewa hadi Oktoba utakuta uzi.

Dagaa Mchele:
Dada yangu wa Rukwa, umesema kweli tupu ila umeacha moja: ukiwa Kalambo ziwa hulioni. Mto unaendelea kwenye korongo mpaka Ziwa Tanganyika. Anayetaka ziwa lazima ateremke Kasanga. Na ngazi zile ni kushuka na kupanda, siyo njia ya kutembea siku nzima. Saa tatu nne umemaliza.

bintiRukwa:
Sikatai. Ila hizo saa tatu nne uliza mapaja kesho yake. Halafu jirani tu na maporomoko, ng'ambo ya Zambia, ndipo palipofukuliwa magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, umri wake miaka 476,000 hivi. Matokeo yalitangazwa 2023. Mimi nikisimama pale hilo linanisisimua kuliko maji yenyewe.

Mnyakyusa Asili:
Nimewaacha mmalize. Sasa sikilizeni.

Mleta mada kasema ziwa, milima, kutembea, maporomoko, hana gari. Matema vyote vinapatikana. Basi la Dar–Kyela, kisha Ipinda, kisha Matema. Milima ya Livingstone inasimama kando ya Ziwa Nyasa kama ukuta, asubuhi kivuli chake kinafunika ufukwe na jua linachelewa kukufikia. Kuna njia ya kupanda hadi kwenye maporomoko mlimani, chukueni kijana wa pale awaongoze. Kuna njia ya kandokando ya ziwa kwenda Lyulilo, na mbele yake Ikombe kwa Wakisi, kabila ambalo wanawake wake wanafinyanga vyungu. Nimemkuta bibi amekaa chini, udongo uko mbele yake, anauzungusha kwa mkono na kuulainisha ukingo kwa kidole kilicholowa. Hakuwa akiangalia kazi, alikuwa akimgombeza mjukuu.

Kama dada ana pumzi kweli, kuna safari ya wanaume na wanawake shupavu: kuanzia Kitulo kushuka hadi Matema. Unaanza kwenye nyanda za baridi, huko juu mita 2,600 hivi, unamalizia kwenye minazi na joto la Kyela. Kushuka zaidi ya mita 2,000. Bila mwenyeji msijaribu, njia zinagawanyika kila bonde. Na msitegemee maua ya Kitulo mwezi Juni, hayo ni ya Desemba hadi Aprili. Juni utaiona nyasi na baridi inayouma masikio.

Tukuyu ongezeni siku mbili: Kaporogwe, ambapo kuna pango nyuma ya pazia la maji na unaweza kusimama humo mkavu, pamoja na Daraja la Mungu pale Kiwira na ziwa la Ngozi lililo ndani ya kreta. Koti la mvua lisibaki nyumbani. Tukuyu haina kiangazi, ina siku ambazo mvua imesahau.

Kobe Mtembezi:
Nakubaliana na mzee, isipokuwa kushuka Kitulo. Magoti yangu yalikaa wiki moja hayanisemeshi. Halafu mkiogelea ulizeni wenyeji ni wapi, kichocho kipo kwenye maziwa haya.

Mwana wa Ujiji:
Kwa siku tisa na hofu ya boti, naungana nao shingo upande. Gombe itawasubiri.

Mguu Niponye:
Nashukuru sana wakuu. Tumeafikiana hivi: basi hadi Kyela, siku tatu Matema, mbili Tukuyu, halafu Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, siku moja Kalambo, turudi. Kitulo mimi nimejitoa, dada amenuna kidogo. Swali lake la mwisho, na ameniagiza niandike kama alivyosema: "Huko Ikombe kwa vyungu, watu si wanakwenda kwa mtumbwi?"

Mnyakyusa Asili:
Wengi ndiyo, wanapanda mtumbwi. Kwa miguu kunapitika ila ni kupanda na kushuka kwenye mawe. Mwambie asihangaike. Pangeni Jumamosi iwakute Matema, mtembee hadi gulioni Lyulilo asubuhi. Wakisi wanakuja wenyewe, mitumbwi imejaa vyungu vimepangwa kwenye nyasi. Yeye asimame mchanga mkavu achague.