Mrejesho: ganzi ya mkono usiku, mimba ya wiki 30

Asanteni wote. Swali lilikuwa mkono kufa ganzi na kuuma usiku: kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku kidole cha mwisho kikibaki salama. Ndiyo alama ya neva ya kati (mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo) kubanwa kwenye kifundo cha mkono, maji ambayo mwili huhifadhi wakati wa ujauzito yakijaa kwenye njia yake nyembamba.

Kilichosaidia zaidi ni banzi (kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono kisipinde) la kuvaa usiku, ila si jinsi lilivyotoka dukani. Bamba la chuma ndani yake huja limepinda, linasukuma kiganja nyuma, na mpindo huo nao unabana neva. Lichomoe, linyooshe hadi kiganja na mkono vikae mstari mmoja, lirudishe. Mikanda ilegee kiasi cha kidole kupita chini yake, maana uvimbe wa usiku huikaza.

Ibuprofeni iacheni, hasa kuanzia wiki ya 20. Parasetamoli muulizeni mkunga.

Uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana au macho yakiona maruweruwe, hilo si la kifundo tena: presha ipimwe siku hiyohiyo. Na gumba likiishiwa nguvu, vikombe vikaanza kudondoka, banzi peke yake halitoshi, mwoneni daktari.