Tupeane uzoefu: karavani ikikwama ugenini, bima gani ilikuokoa na ipi ilikuruka?

Baba Naila
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nikirudi kutoka Folkestone nimeona familia imesimama nyuma ya vyuma vya kingo za barabara kuu ya M20 hapa Uingereza, mvua inawapiga, mama kamfunika mtoto kanga, karavani yao, ile nyumba ya kuvutwa na gari, imelala upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Ile kanga ndiyo iliyonikata maini. Wale ni wetu. Pale hapasimamiki, nikapita, lakini mpaka nafika Luton sikuweza kuongea na mtu.

Mwezi wa saba nasi tunavuka, Ufaransa mpaka Hispania, wakubwa watatu na watoto wawili. Gari lina miaka 11. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari langu mwenyewe, ninayo. Wakala mmoja ananiambia niongeze bredauni ya Ulaya, yaani huduma ya kuvutwa na kutengenezewa gari likiharibika, mwingine anasema ile inayokuja na akaunti ya benki inatosha. Waliokwama, semeni yaliyowakuta.

Mzaramo wa Leeds
Nyie acheni tu. Umenikumbusha nisichotaka kukumbuka.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, A7 chini ya Lyon, kabla ya kufika Montélimar. Wanaoijua barabara ile mwezi wa nane wanajua: Ufaransa nzima iko njiani kwenda baharini. Tunapanda kimlima, nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Harufu ya klachi ikajaa ndani. Nikajikongoja mpaka pembeni. Jambo la kwanza, vizibao vya njano viwe ndani ya gari, sio nyuma kwenye buti chini ya mabegi. Kukutwa huna ni faini ya euro 135, na zaidi ya faini, malori yanapita jirani mpaka gari linatikisika.

Nikapiga simu kwa kampuni yangu Uingereza. Dakika 40 nasikiliza muziki, watoto wamekaa kwenye nyasi nyuma ya kingo, wameiva kwa jua. Ndipo dada ananiuliza: upo autoroute, motawei ya Kifaransa? Hapo sisi haturuhusiwi kumtuma mtu wetu, tafuta simu ya rangi ya chungwa pembeni ya barabara, au piga 112, namba ya dharura. Mwaka mzima nalipia, hakuna aliyewahi kunieleza hilo. Kule motawei zina wavutaji wao wenye kibali, bei imepangwa na serikali, usiku na wikiendi inapanda. Wanakutoa, unalipa mwenyewe, unatunza risiti, kisha ndiyo unaidai kampuni yako. Ukipoteza risiti imekula kwako.

Fundi wa gereji tuliyopelekwa alikuwa mzee mwema sana. Kiingereza hana, Kifaransa sina. Akanishika mkono mpaka kwenye kalenda ukutani, akaweka kidole chenye grisi juu ya Jumatatu tarehe 14, akatikisa kichwa. Jumanne tarehe 15 akafanya ishara ya msalaba, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Jumatano ndiyo aagize klachi. Kuagiza tu!

Kampuni ikatupa gari la kukodi, nikashukuru. Kufika dirishani wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na mwenye kadi ni mke wangu. Ikabidi mkataba ubadilishwe aandikwe yeye. Tukakabidhiwa kigari cheupe, kisafi. Nikazunguka nyuma: hakina ndoano ya kuvutia. Nikauliza, jibu likawa magari ya kukodi hayawekwi ndoano. Sasa kitanda, jiko na choo chetu viko uani kwa fundi, na kwenye karatasi ya bima hoteli hailipwi kama una karavani ya kulala. Tukalala uani kwa fundi siku tano. Watoto walikuwa wanaoga kwa mpira wa kuoshea magari.

Kwa hiyo Baba Naila, usiishie kuuliza kama bredauni ya Ulaya ipo. Uliza: gari likifa, karavani ataivuta nani, mpaka wapi, na sisi tutalala wapi? Wakujibu kwa maandishi.

Nana wa Coventry
Hilo la ndoano lilitukuta Ubelgiji. Neno kwa neno.

Kaka Mkubwa
Pole sana mkuu. Naongeza jambo ambalo watu hawasomi: gari likiharibika vibaya huko, wanapiga hesabu. Gharama ya kulitengeneza ikizidi thamani yake hapa Uingereza, hawalirudishi. Gari la miaka 11, klachi na giaboksi vikifa pamoja, unaweza kurudi kwa treni. Na kampuni nyingine zina kikomo cha umri wa gari. Baba Naila, anzia hapo.

Spana 17
Mimi mwaka wa tisa huu naenda Uholanzi na Ujerumani na karavani, sijawahi kununua hizo bredauni. Nabeba mkanda wa feni, oili, spana zangu na dua ya safari. Mnauziwa hofu.

Ukhti Maryam
Dua tunasoma sote kaka yangu. Tumefundishwa mfunge ngamia kisha utegemee.

Spana 17
Ngamia hufungwa kwa kamba, dada. Hafungwi kwa riba.

Ukhti Maryam
Basi tafuta takaful, bima ya Kiislamu isiyo na riba, na ukikosa waulize masheikh wako. Lakini usimwambie mwenye watoto wawili kwamba spana inatosha. Spana itamtibu mtoto aliyeungua na chai kambini?

Kaka Mkubwa
Hapa mnachanganya vitu. Kuna bima ya gari, hiyo ni sheria, bila hiyo humo barabarani. Kuna bredauni, inavuta na kutengeneza. Kuna bima ya safari, ndiyo ya hospitali na mizigo. Na karavani yenyewe ina bima yake, kwa wizi na kupinduka. Karatasi nne. Ikiwa imefungwa kwenye gari, bima ya gari hulipa madhara ambayo karavani imemfanyia mtu mwingine, wewe karavani yako hulipwi. Halafu ukivuka Channel, ule mlango wa bahari wa kwenda Ufaransa, bima kubwa kwa kampuni nyingi inashuka inakuwa bima ndogo, ya kumlipa uliyemgonga tu, mpaka uwaarifu kabla ya safari.

Spana 17
Karatasi nne! Na bado mzee wa Leeds kalala gereji.

Binti Likoni
Mie nilikuwa nasoma tu, lakini dada Maryam kanigusa.

Mwaka juzi mamangu alikuja kutuona kutoka Mombasa. Viza ya Schengen aliichukua Nairobi kabla ya kuja, maana tulishapanga kumpeleka Hispania akaone bahari ya huko. Mumewangu akasema bima ya safari ya familia tunayo, tukamuongeza mama kwenye mtandao, jina, tarehe ya kuzaliwa, tukalipa, kwisha.

Tulipiga kambi karibu na Tarragona. Siku ya tatu alfajiri nikasikia kikombe kimeanguka. Mama alikuwa kaamka kuswali. Nikamkuta kakaa chini, kaegemea kabati la sahani, mdomo umekwenda upande, ananitazama na hanijui. Karavani ni nyembamba, hatukuweza hata kumgeuza. Mumewangu akapiga 112, mlinzi wa kambi akakimbia mbele ya ambulensi na tochi, na wanangu wako kitandani juu wanatazama yote. Mie nilikuwa nimemshika mkono tu, naita Mama, Mama.

Hospitali wakampokea, hawakuuliza pesa kwanza, hilo nitawashukuru mpaka kufa. Lakini siku ya pili akaja bibi mmoja na faili. Nikapiga simu kwa bima yetu ya Uingereza. Swali la kwanza: mama amesajiliwa kwa daktari gani hapa? Nikasema ni mgeni. Wakasema bima hii ni ya wakazi wa Uingereza, mgeni haimhusu, pesa yako tutakurudishia. Nikawaambia mlipokea pesa! Wakanisomea kipengele. Na ile kadi yetu ya GHIC, ya kutibiwa ukiwa Ulaya, ni ya mkazi wa Uingereza, mama hahusiki nayo.

Nikakaa sakafuni kwenye korido. Mdogo wangu yuko Likoni analia kwenye simu, mara akanyamaza akasema, dada, na ile bima ya viza? Ubalozi hautoi viza ya Schengen bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Sote tulidhani ni karatasi ya kupitia dirishani tu, imeshafanya kazi yake. Tukaitafuta, ilikuwa mfuko wa chini wa begi la mama, imekunjwa ndani ya kitabu cha dua. Nikapiga namba iliyo juu yake. Wakauliza, mgonjwa ana presha? Nikanyamaza. Nilijua wengi huandika hapana ili ada iwe ndogo. Wakafungua fomu: mdogo wangu huyo ndiye aliyeijaza, na kaandika ndiyo, ana presha, anatumia dawa hizi na hizi. Walilipa hospitali, na walimlipia nesi wa kumsindikiza mpaka Nairobi.

Nana wa Coventry
Subhanallah. Mama anaendeleaje?

Mzaramo wa Leeds
Dada yangu, mama yuko vipi sasa? Mimi nilikuwa nalalamikia klachi.

Ukhti Maryam
Tuambie kuhusu mama kwanza, mengine baadaye.

Binti Likoni
Alhamdulillahi. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia bado mzito. Anaongea, tena mengi. Kila nikipiga simu ananiuliza kile kikombe kilivunjika au hakikuvunjika. Hakikuvunjika, ninacho.

Spana 17
Dada, Mungu amzidishie mama afya. Kwenye hospitali nimekubali. Kwenye bredauni bado.

Kipepeo
Basi kaka Spana, nikuambie la matairi, maana hapo spana haikunisaidia. Karavani nilinunua mkononi, matairi mazuri, kashata, yale meno ya tairi, zote zipo, kama mapya. Njia ya kwenda Bordeaux tairi la kushoto likapasuka, vipande vikachana sakafu mpaka kwenye kabati la nguo. Mkaguzi wa bima akapiga magoti akaangaza tochi ubavuni mwa tairi, akaniita nisome mwenyewe: 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Tairi la karavani linazeeka likiwa limesimama tu. Madai yakakataliwa, uchakavu. Na bredauni walikuja wakaondoka, sikuwa na spea tairi, na mkataba unasema lazima uwe nayo na iwe nzima. Leo kabla hujalala toka nje ukasome hizo namba nne.

Dereva wa Mbozi
Ninyi wa ughaibuni mna mambo mengi. Sisi huku ukiwa na kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka, umemaliza. Nimevuta tela la kambi na Land Cruiser kutoka Dar mpaka Livingstone kwa kadi hiyo moja.

Wakala Mstaafu
Ndugu yangu, hapana. Nimeuza kadi hiyo miaka mingi. Inalipa uliyemgonga, kwa sheria ya nchi ulikomgongea, na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Gari lako hailigusi. Kuvutwa haimo.

Dereva wa Mbozi
Mbona Zambia walinipokea vizuri tu?

Wakala Mstaafu
Walikupokea kwa sababu Zambia imo. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini kwenye kadi tukabaki, ndiyo maana inauzwa huku. Ungeendelea kidogo ukaingia Botswana, kadi hiyo ingekuwa karatasi. Msumbiji vilevile, Afrika Kusini vilevile. Je, hilo tela lilikufikisha salama?

Dereva wa Mbozi
Hapo umenishika. Beringi ya tela ilikufa karibu na Mpika. Siku mbili tumelala porini, nimelipa lori la mahindi litubebe. Kadi nilimwonyesha kila mtu.

Wakala Mstaafu
Pole sana. Sikuuliza kwa ubaya.

Bin Rashid Muscat
Huku kwetu watu wanapanda Salalah na makaravani wakati wa khareef, msimu wa mvua za huko, zaidi ya kilomita elfu, na katikati ni jangwa tupu. Wanaotoka Emirates wanasimamishwa mpakani kwa kukosa kadi ya chungwa, bima ya kuvukia mipaka ya nchi za Kiarabu, au bima ya Oman. Piteni kwa wakala kabla hamjaondoka, mpakani mnauziwa kwa bei wanayotaka wao.

Kaka Mkubwa
Baba Naila kimya. Mkuu, upo?

Baba Naila
Nipo, nilikuwa nje na tochi. Yule mtu mzima wa tatu ni mama mkwe, anakuja kutoka Moshi, na nilikuwa nimeshamuongeza kwenye bima ya familia juzi. Binti Likoni, Mungu akubariki. Nimempigia mke wangu aongee na mama yake usiku huu kuhusu sukari, iandikwe kama ilivyo.

Matairi yanasoma 4019 yote mawili. Nabadilisha kabla ya safari.

Halafu nimesoma karatasi ya ile bredauni ya benki. Karavani isizidi mita 7. Haisemi kama mkono wa kuvutia unahesabiwa. Nimechukua tepu, Naila kashika ncha ya nyuma, mimi mbele. Bila mkono, mita 6.1. Pamoja na mkono, mita 7.28.

Mzaramo wa Leeds
Wapigie kesho asubuhi. Na wakikuambia mkono hauhesabiwi, waambie watume barua pepe.

Baba Naila
Saa mbili kamili wakifungua nipo kwenye simu.