Mrejesho: ule wimbo wa dansi sasa ni panki kweli

Jamani nimerudi. Niliuliza kwa nini nikiugeuza wimbo wa dansi wa kielektroniki kuwa hadikoo panki (ile roki ya kasi na makelele), narekodi mwenyewe chumbani, unatoka umelala, mkaniambia shida ni spidi na distosheni, ile sauti ya gitaa kukwaruza, imezidi. Mlikuwa sahihi kabisa aisee. Ulikuwa BPM (mapigo kwa dakika) 128 nikaupandisha mpaka 190, ile kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya kugonga kila pigo nikaitoa, sasa kiki na snea (ile ngoma ya mlio mkali) zinapokezana haraka haraka, na melodi ya sintesaiza nikaihamishia kwenye gitaa, mkono unapiga kushuka tu mwanzo mwisho hadi kidole kikachubuka. Gitaa nimelirekodi mara mbili, moja kushoto moja kulia, distosheni nikaipunguza nusu na hapo ndo kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) ikaanza kusikika. Sauti nimepigia kelele ndani ya kabati la nguo. Marudio mengi nimeyakata, dakika 6 zimebaki 1 na sekunde 40, na ile sehemu ya kupandisha mzuka taratibu nimeachia besi peke yake mapigo manne halafu vyote vinaingia kwa pamoja, hapo napapenda mno! Besi bado inazama kidogo, nairudia kesho. Asanteni sana wakuu.