Naomba ushauri: mwanangu kaacha kuridhika na tulichonacho

Asalaam aleikum ndugu zangu, mie niko Pemba, Micheweni, nalima mwani na mume wangu mvuvi, twapata cha kula tu. Nna watoto wawili, miaka 9 na 6. Bamvua ikifika walikuwa wakishuka nami pwani, maji yakitoka mbali wanaokota chaza, pweza wanamjua kwa tundu lake tu, jioni twala muhogo wanalala wanacheka, wallahi umasikini nlikuwa siuoni. Siku moja tulienda msitu wa Ngezi kuona popo wetu wale wakubwa wasopatikana kwengine duniani ila Pemba, wakahadithia mwezi mzima!

Sasa mkubwa karudi kutoka mjini Unguja kwa mamake mdogo, kila siku ataka tableti, pwani hataki tena. Simkaripii, yaniuma tu. Nianzie wapi nae jamani bila kumvunja moyo?